Lenzi za Mzee Mwalongo

Gwamaka na Neema, siku niliyowakabidhi funguo za studio hapa Iyunga hamkuniuliza habari za wateja wala za mwenye nyumba. Mliniuliza kitu kimoja: kamera imechoka, tununue bodi gani, yaani kamera tupu bila lenzi, ya kufaa lenzi tulizonazo? Nikasema nitawaandikia. Najua mlitegemea mstari mmoja kwenye simu. Samahani. Mtu akistaafu anabaki na muda mwingi na magoti mabovu, na vyote viwili vinamkalisha chini aandike. Halafu swali hilo mimi niliwahi kulijibu vibaya, na mpaka leo basi likipita Nyololo naangalia upande wa pili wa barabara.

Nilianza kazi Iringa mjini, kwenye studio ya Mzee Mwalongo, nikiwa nimemaliza kidato cha nne na sina mbele wala nyuma. Nilikwenda kupiga pasipoti ya kuombea kazi. Akanipiga, akaniuliza naomba kazi gani. Nikasema yoyote. Akasema basi vua viatu, chumba cha giza hakipendi vumbi. Huo ndio ulikuwa usaili wangu. Ile pasipoti sikuwahi kuitumia popote.

Mzee alikuwa Mbena, mrefu, Mlutheri wa benchi la mbele, na maneno yake yalikuwa machache. Miezi miwili ya mwanzo alinipa kamera isiyo na filamu. Kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma ya kaunta na kulenga jicho la kila anayeingia, nibonyeze, nirudie. "Jicho la karibu," alikuwa anasema. "Jicho likikukosa, umepiga nguo." Wateja waliniona kichaa. Siku aliponiwekea filamu nikampiga mama mmoja muuza vitunguu, nikajiona nimemaliza kazi. Mzee akachukua kioo cha kukuzia, akainama juu ya picha muda mrefu, kisha akaniuliza: "Kitenge umekipiga vizuri sana. Mwenyewe yuko wapi?"

Alikuwa na lenzi tatu. Moja pana ya kupigia makundi, moja ya milimita hamsini, na moja ya themanini na tano ya kupigia sura. Hiyo ya mwisho ndiyo roho yake. Ni hizo hizo mlizonazo leo ndani ya debe la biskuti, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyotoka kwenye boksi za viatu. Msivitupe. Ukungu wa Mufindi huingia ndani ya kioo ukaota humo kama kwenye mkate, na lenzi ikishaota haiponi tena.

Sasa sikilizeni jambo la ufundi, maana hadithi yote imekaa hapo. Lenzi zile hazina mota ndani yake. Ili zitafute zenyewe fokasi, yaani ukali wa picha, lazima bodi iwe na mota, na iwe na kichuma kidogo pale kwenye mdomo wa kamera, mfano wa ncha ya bisibisi, kinachoingia kwenye lenzi na kuizungusha. Ikizunguka inalia. Krrr, halafu kimya. Kimya kile ndicho kinachosema imepata. Mzee macho yake yalipoanza kufifia kwa presha ya macho, alifanya kazi miaka miwili zaidi bila mteja kujua, kwa sababu alikuwa anasikiliza. Akielekeza kamera usoni, krrr, kimya, anapiga. Mimi nilijua. Kazi yangu ilikuwa kumnong'oneza Mzee mteja amekaa upande gani.

Tulitembea sana na lenzi zile. Usangu tuliitwa na familia moja ya wafugaji wa Kisukuma waliohamia bondeni, baba akataka yeye, wake zake, watoto na ng'ombe wote waingie kwenye picha moja, na ng'ombe wakae mbele. Nilirudi nyuma mpaka nikazama magoti kwenye jaruba la mpunga. Picha ilitoka, ila baba alilalamika kwamba kuna ng'ombe mmoja amefumba macho. Mzee alicheka siku ile, na mimi naikumbuka kwa sababu hakuwa mtu wa kucheka.

Mgololo haikuwa ya kucheka. Alikuwa amefariki mzee mmoja aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi tangu ujana wake. Desturi yetu mnaijua, jeneza halitoki ndani bila picha. Mjukuu anatangulia ameikumbatia fremu, na watu wanaiaga ile sura. Familia ile ilikuwa na kitambulisho cha kazini tu, kimesuguliwa na mfuko mpaka uso umebaki kivuli. Nilikipiga kile kitambulisho mara nyingi, kwa kila mwanga niliouweza, kikanipa kivuli kile kile kikubwa zaidi. Tukamtoa nacho hivyo hivyo. Njiani kurudi Mzee aliniambia, "Ametengeneza karatasi maisha yake yote, na hana karatasi moja yenye uso wake."

Tangu hapo akawa anawaambia wazee wenzake kanisani waje wapigwe wakiwa bado wanatembea wenyewe. Walikuja. Walivaa suti za harusi za watoto wao, wakaketi, wakatazama mbele kwa ukali kana kwamba kifo ndicho kilichoshika kamera. Mzee mwenyewe hakuwahi kuketi pale. Nilimkumbusha mara mbili tatu, akasema kinyozi hajinyoi.

Alipofunga studio akarudi kwao Nyololo, kwa binti yake Eliza. Lenzi alinipa mimi, ndipo nikaja kufungua hapa Iyunga. Wakati huo tulishahamia kwenye dijitali, na bodi ya kwanza aliichagua yeye, kwa kuipapasa. Alitia kidole kwenye mdomo wa kamera akatafuta kile kichuma kabla hajauliza kitu kingine chochote. Akaniambia bodi zinakufa, lenzi zinarithiwa, kwa hiyo nisije nikanunua bodi kwa ajili ya macho yangu, ninunue kwa ajili ya lenzi. Nikaitikia. Kuitikia ni kazi nyepesi.

Ile bodi ilifanya kazi mpaka ikafa katikati ya kipaimara, pazia lake la ndani likagoma mbele ya watoto arobaini na mchungaji. Nikamalizia kwa kamera ya kuazima. Jumatatu yake nikaenda mjini kununua nyingine.

Hapa ndipo kosa lilipo, na ni kosa la heshima, kama heshima inaweza kuwa na kosa. Lenzi za Mzee nilikuwa nazifunga kwenye kitenge, naziweka kwenye debe, debe kabatini. Sikuwa nazitembeza ovyo. Nikaona aibu kuzipeleka dukani zishikwe na mikono ya watu, kwenye lile vumbi, na pengine wauzaji wazicheke. Nikaenda mikono mitupu. Muuzaji akanitolea bodi mpya, nyepesi, ina skrini inayogeuka na megapikseli za kumwaga. Nilimuuliza kama inakubali lenzi za zamani. Akasema lenzi yoyote ya kampuni hii inaingia, mama, bila wasiwasi. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, lakini yule kijana hakunidanganya. Zinaingia. Aliifunga lenzi ndogo iliyokuja na boksi, akanipiga, nikajiona uso mzima kwenye skrini kila nywele mahali pake. Nikatoka pale natembea kama bibi harusi.

Nyumbani nikaifunga themanini na tano. Ikaingia, ikabana, klik. Nikabonyeza kitufe nusu, kiasi cha kuiamsha itafute fokasi. Kimya. Nikabonyeza tena. Nikafungua, nikachungulia mdomo wa kamera, nikapitisha kidole kama alivyopitisha yeye. Laini. Hakuna kichuma.

Ningeweza kuirudisha. Sikuirudisha. Nilijiambia mimi nimefundishwa kulenga kwa mkono kwenye kamera isiyo na filamu, ya nini kulialia. Ukweli ni kwamba niliona haya kurudi kwa yule muuzaji, na bodi ile ilipendeza ikining'inia shingoni, na wateja walikuwa wameanza kuitaja. Nikawa natumia lenzi ya boksi kwa harusi na pasipoti, na za Mzee nikazirudisha kwenye kitenge. Hakuna mteja aliyelalamika.

Haikupita muda Eliza akapiga simu, akasema baba anataka kuongea. Mzee hakuwa na salamu ndefu.

"Tabitha, nimepata koti. Njoo na themanini na tano unipige ile ya kunitolea ndani."

Nilikwenda Jumamosi. Ilikuwa Juni, Nyololo ukungu umekaa mpaka mlangoni, na mwanga wa dirishani ulikuwa wa kijivu tupu. Alikuwa amekonda. Koti lilikuwa la bluu, zito, la vifungo vya shaba, na Eliza alikuwa amelipiga pasi mpaka kwenye kola. Alinisalimia "Kamwene" huku akinitafuta kwa mkono hewani, kwa sababu kufikia wakati huo alikuwa haoni zaidi ya mwanga na giza. Tulikunywa chai. Akaniuliza kama ni kweli nimenunua bodi mpya. Nikasema kweli. Akauliza kama inazichukua lenzi.

"Inazichukua, Mzee," nikasema.

Nimelitafakari jibu lile kwa miaka. Si uongo, ndiyo ubaya wake. Ningesema tu, Mzee, nimekosea, inaingia lakini haizungushi, angenitukana kwa Kibena, tungecheka, ningeazima bodi kwa mtu nikarudi wiki inayofuata. Lakini yeye ndiye aliyenifundisha, na mimi nilikuwa na nywele nyeupe tayari, sikutaka kuwa tena yule msichana wa kitenge cha muuza vitunguu.

Nikamketisha dirishani. Bodi zile ndogo zinakaza picha, uso unakuja karibu kuliko ulivyo, kwa hiyo nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango. Kijidirisha chake cha kuchungulia ni kidogo na cheusi, na jicho langu lenyewe lilikuwa limeshaanza kudai miwani. Kwa mwanga ule ilibidi nifungue tundu la mwanga la lenzi mpaka mwisho, na ukilifungua hivyo sehemu inayotoka kali ni nyembamba kama ukucha, ukikosea kidogo umetoka jichoni umeingia sikioni. Kuna kinukta cha kijani kinachowaka ndani ukikaribia. Kinasema karibu, hakisemi hapo hapo. Kile kinukta kilikuwa kinaridhika upesi kuliko Mzee.

Nikawa nazungusha kwa vidole, nabonyeza, nazungusha. Yeye kila mara alikuwa anainamisha kichwa, ananipa sikio badala ya uso. Nilidhani ni uzee. Nikamwambia, "Mzee, nyoosha shingo, tazama kwangu." Akanyoosha. Baada ya kidogo akainamisha tena, nikamwambia tena. Mara ya tatu akanyoosha akabaki hivyo hivyo, mikono magotini, mpaka nikamaliza. Kwenye skrini ndogo ya nyuma kila picha ilionekana kali. Skrini ndogo inamsifia kila mtu, muikumbuke hiyo.

Wakati wa kuondoka alinisindikiza mpaka mlangoni akiwa ameshika ukuta. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama nimeridhika. Nikasema nimeridhika.

Iyunga nilizifungua kwenye kompyuta. Kola ilikuwa kali, unahesabu nyuzi. Kifungo cha juu cha shaba unaona mpaka mkwaruzo wake. Macho yalikuwa yamelainika yote mawili, kwenye kila picha, kama mtu anayeonekana kupitia maziwa. Nikatafuta hata moja. Haikuwepo. Nikajikuta nasema kwa sauti, peke yangu, umepiga nguo.

Nikajipa wiki mbili. Nilisema nitapata bodi yenye mota, nitarudi, nitasema tu nataka nyongeza. Kwa sasa nikachapa moja ndogo, ya kuweka mezani, maana picha ikiwa ndogo uongo wake hauonekani, nikamtumia kwa basi. Eliza akanijibu kwamba baba ameishika, anashukuru. Wiki mbili zikaingia msimu wa harusi. Harusi zikaingia mahafali. Kila Ijumaa nilikuwa nasema kesho, na kila kesho ilikuwa na mtu amevaa shela ananisubiri. Majuto ni mjukuu, na mimi mjukuu huyo nilikuwa namlea mwenyewe kwa mikono yangu.

Simu ya Eliza ilikuja asubuhi moja ya Agosti. Hakulia. Alisema, "Dada, baba ametutoka. Tunaomba ile picha uikuze, ya kubebwa."

Mnajua nilifanya nini. Nilifanya kila kitu ambacho kompyuta inaruhusu. Nilinoa macho yale mpaka yakaanza kuwa ya mtu mwingine, nikarudisha nyuma, nikanoa tena kidogo. Picha isiyo na jicho hainoleki, inakwaruzwa tu. Nikaichapa kubwa, nikaitia fremu, nikapanda nayo basi nimeigeuzia kifuani. Mjukuu wake wa kike akaibeba mbele ya jeneza. Kwaya ikaimba. Watu wa Nyololo wakasema amekaa vizuri, koti limempendeza, na walikuwa wanasema kweli. Nilisimama mbali chini ya turubai. Mtu aliyefundisha nusu ya wapiga picha wa mkoa ule kutafuta jicho alishushwa kaburini nyuma ya kola.

Baada ya msiba ndipo nikanunua ile bodi mnayoitumia mpaka leo. Mtumba, nzito, ya zamani kuliko ile niliyoiacha, na ilinibidi kuifuata mwenyewe mpaka kwa mwenye nayo. Safari hii nilikwenda na debe zima. Nikafungua kitenge mezani kwa mtu nisiyemjua, nikafunga themanini na tano, nikabonyeza nusu. Krrr. Kimya. Ng'ombe hazeeki maini. Ile mpya nzuri nikamgawia mpwa wangu, na sikumweleza kwa nini.

Kwa hiyo jibu la swali lenu ndilo hilo. Nendeni na lenzi. Msiulize kama inaingia, kila kitu kinaingia. Siku hizi kuna hizi bodi zisizo na kioo cha kuakisi ndani, na kuna kiunganishi cha kuvisha lenzi za zamani, na mtaambiwa inakubali zote. Vingi vya viunganishi hivyo havina mota. Lenzi itakaa, klik, na mtapendeza nayo shingoni. Fungeni hapo hapo dukani, bonyezeni nusu, msikilize. Kama mnazitaka hizo bodi mpya, basi nunueni na lenzi zake, hizi za Mzee mzirudishe kwangu, sitakasirika. Ila msizifunge kwenye kitu kisichozizungusha halafu mkamwambia mtu kwamba zimekaa.

Imebaki sehemu moja, nayo sijamwambia mtu.

Walipomaliza kujengea kaburi Eliza aliniita niwapige picha ya familia. Nikaenda na bodi nzito. Baada ya makaburini tukarudi sebuleni, nikamwomba akae pale dirishani nimpige peke yake, maana nilitaka walau sura moja ya nyumba ile itoke sawasawa. Picha ya Mzee ilikuwa ukutani juu yake. Sikuitazama. Nikamwelekezea Eliza lenzi, nikabonyeza nusu, ikalia.

Eliza akashtuka, akageuka kabisa kwenye kiti.

"Kumbe inalia," akasema.

Nikamwambia ndiyo, huwa inalia.

"Baba alisema siku ile haikulia. Ulipoondoka tu alisema, Eliza, lenzi haikulia, amenunua bodi bubu. Nikamwambia basi nimpigie arudi. Akakataa. Akasema ukimwita atakuja kwa aibu, na mtu mwenye aibu mkono wake unatetemeka. Mwache, atarudi mwenyewe. Yule nimemfundisha mimi."

Nilikuwa bado nimeshika kamera usoni. Sikuishusha, kwa sababu sikutaka anione.

"Alisubiri?" nikauliza.

"Kila Jumamosi. Nilikuwa namvisha koti asubuhi, anakaa hapa nilipokaa mimi mpaka jua linapoondoka dirishani. Basi likisimama pale barabarani anainamisha kichwa. Likiondoka la mwisho ananiambia nimvue."

Eliza hakusema kwa ubaya. Alisema kama anavyosema mtu aliyechoka, kisha akarekebisha kitambaa kichwani, akanitazama, akasubiri nimpige. Nikampiga. Jicho la karibu, kali. Ni picha nzuri, mnaijua, ipo ukutani kwetu pale kaunta na mmekuwa mkiniuliza ni nani.

Kutoka Juni mpaka Agosti zilipita Jumamosi tisa. Mabasi ya kwenda Iringa, yale yale yanayosimama Nyololo, yanapita hapa Iyunga kila siku, na siku hizo tisa yalipita pia, nikiwa mlangoni, nafunga na kufungua studio.